Mmea Unaonasa Nzi na Usingizi Wake Ndani ya Friji



Leo tumeona tuzungumze juu ya mmea. Si mmea wa kula wala wa dawa. Ni ule unaoitwa kitaalamu Dionaea muscipula, wenye majani yanayofumba ghafla kama kitabu na kumbana mdudu ndani. Nyumbani kwetu tunauita mtega-nzi, na jina hilo ndilo tutakalolitumia hapa.

Kila mgeni anayefika barazani kwetu hapa Nyamirambo, Kigali, huuliza swali lile lile: mnaulisha nini hata ukawa mwekundu namna hii? Tukimjibu kwamba hatuulishi kitu, hucheka akidhani tunamficha siri. Lakini ndivyo ilivyo. Wekundu ule wa ndani ya mitego hautokani na nzi wala na mbolea. Unatokana na jua. Mmea ukipata jua kali hutengeneza rangi iitwayo anthosayanini, ileile inayoonekana katika maua ya choya tunayotengenezea juisi. Ukiwekwa sebuleni karibu na dirisha lenye pazia, majani hurefuka, hulegea na kubaki ya kijani kibichi tupu, hata ungeupa nzi kumi kila siku.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuutoa nje. Wetu unakaa ukingoni mwa baraza mahali ambapo hakuna kivuli kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni. Chini ya saa 6 za jua la moja kwa moja, usitarajie rangi. Wanaokaa ghorofani bila baraza wanaweza kutumia taa ya LED iliyo karibu na mmea kwa saa 14 hadi 16 kwa siku, lakini jua la Mungu ni bure, na kwetu sisi hapa ikweta halikosekani. Iko mitega-nzi ambayo kwa asili ni ya kijani daima, na iko mingine kama ile inayoitwa 'Akai Ryu', yaani joka jekundu kwa Kijapani, ambayo mmea mzima huwa rangi ya damu ya mzee. Wetu ni wa kawaida: majani ya kijani, matumbo mekundu.

Tueleze kidogo ulikotoka, maana wengi hudhani mmea wa ajabu kama huu lazima utoke katika misitu ya joto. Hapana. Duniani kote mtega-nzi una kwao pamoja tu kwa asili: nyanda za pwani za majimbo ya North Carolina na South Carolina huko Marekani, katika eneo linalouzunguka mji wa Wilmington. Gavana wa North Carolina, Arthur Dobbs, aliuandika katika barua zake za 1759 na 1760, na Charles Darwin aliuchunguza kwa makini katika kitabu chake cha mwaka 1875 kuhusu mimea inayokula wadudu. Huko kwao udongo ni mchanga na matope ya kinamasi, maskini kabisa wa chakula. Mimea mingine hudumaa pale. Huu umepewa njia yake: chakula kinachokosekana ardhini, hasa naitrojeni, unakipata kwa wadudu. Huko pia moto hupita mara kwa mara na kuteketeza nyasi ndefu, mtega-nzi ukabaki na jua lake. Watu wameuchimba sana kwa ajili ya biashara, hata North Carolina ikafanya wizi wa mmea huu porini kuwa kosa kubwa la jinai tangu Desemba 2014.

Ndiyo maana tunawasihi msiununue kwa mtu asiyejua ulikotoka. Inayooteshwa mashambani ni mingi na haina haja ya kuibwa porini. Biashara yake baina ya nchi na nchi inasimamiwa na mkataba wa CITES, na mmea hai unahitaji vibali na cheti cha afya ya mimea. Wetu uliletwa na mpwa wetu anayesoma Uholanzi, nchi ambayo wakulima wake huotesha mitega-nzi kwa wingi sana. Alikuja nao likizo ya Agosti 2022, karatasi zote mkononi, akauacha kwa binti yetu mkubwa. Alisema maneno machache tu: "Shangazi, huu si zawadi. Ni amana. Nikimaliza masomo nitautaka."

Sote tunajua uzito wa neno hilo. Laiti angesema ni zawadi, tungeutunza kwa raha zetu, na ukifa tungesema ajali. Amana ni jambo jingine. Kuanzia siku hiyo binti yetu, wakati huo ana miaka 11, alikuwa akiamka na kuuangalia kabla hata ya kupiga mswaki.

Maji ndiyo yanayoua mitega-nzi mingi kuliko kitu chochote. Maji ya bomba yana madini ya chokaa na chumvi nyinginezo. Sisi hayatudhuru, lakini mizizi ya mmea huu haiyawezi. Madini hujikusanya kwenye udongo, na baada ya miezi kadhaa mmea hufifia kuanzia pembeni. Kuchemsha hakusaidii, kwani mvuke unaondoka na madini yanabaki. Maji ya chupa nayo jina lake lenyewe linatangaza madini. Yanayofaa ni maji ya mvua, au yaliyotoneshwa kwa mvuke. Alhamdulillah, Kigali kwa mvua hatuna la kulalamika: mvua ndefu za Machi hadi Mei na zile za kuanzia Septemba hadi Desemba. Tunaiacha mvua ya mwanzo ioshe vumbi la mabati kwanza, ndipo tunakinga. Tunahifadhi kwenye ndoo za plastiki zenye vifuniko. Mwenye tangi la saruji asitumie maji yake kwa mmea huu, kwa sababu saruji hutoa chokaa. Na wanaokimbilia maji ya betri ya gari, wahakikishe kwanza ni maji matupu, maana dukani asidi nayo huuzwa kwa jina hilohilo.

Tunamwaga maji kwenye kisahani chini ya kopo, kina cha sentimita 1 au 2, na kuyaongeza yakikauka. Udongo usikauke kabisa hata siku moja.

Udongo wenyewe hatutasema mengi: nusu piti ya sfagnamu, nusu perlaiti, zile chembe nyeupe nyepesi. Vyote viwe havina mbolea iliyochanganywa. Someni mfuko kabla ya kulipa. Jirani mmoja kwa nia njema alituletea samadi iliyoiva vizuri, tukamshukuru na kuipeleka kwenye mchicha. Mbolea huunguza mizizi ya mtega-nzi. Wengine wakauliza, kwa nini tusitumie nyiramugengeri yetu wenyewe, ile piti ya mabondeni ambayo Rwanda imewahi kuichoma kuzalisha umeme huko Gishoma na Gisagara? Kwa kawaida hiyo imetokana na mafunjo na nyasi za kinamasi, si sfagnamu, na huwa na madini zaidi. Kwa amana ya mtu hatukutaka kujaribu. Kopo liwe la plastiki, lenye matundu chini na kina cha sentimita 12 hivi au zaidi. Chungu cha udongo kinapendeza macho, lakini hukausha haraka na huacha chumvi.

Sasa tuje kwenye mitego, ambayo ndiyo inayowavuta watoto. Kila ubawa wa mtego una vinyweleo, kwa kawaida vitatu. Mdudu akigusa kinyweleo mara moja, hakuna kinachotokea. Akigusa mara ya pili ndani ya sekunde 20 hivi, mtego unafumba katika muda wa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa njia hiyo tone la mvua au kijiti kilichoanguka haviuchoshi bure. Mwaka 2016 watafiti wa Würzburg, Ujerumani, walionyesha kwamba mmea unaendelea kuhesabu hata baada ya kufumba: mdudu akihangaika na kugusa tena na tena, kufikia miguso mitano hivi unaanza kutengeneza vimeng'enya vya kumeng'enya chakula. Kama ni kokoto, hakuna miguso, na mtego hufunguka tena baada ya siku moja hivi. Wanafunzi wa sayansi, hapo pana somo zima la hesabu ndani ya kitu kisicho na ubongo.

Binafsi tunaona hili ni jambo la kumfanya mtu anyamaze kidogo. Watoto wetu lakini hawakunyamaza. Kila rafiki aliyekuja alitaka kuingiza kidole. Tatizo ni kwamba mtego mmoja una idadi ndogo ya kufumba katika maisha yake, kisha hufa na kuwa mweusi. Ukichezewa kutwa, mmea unatumia nguvu bila kupata kitu. Tukaweka sheria ya nyumba: kila mtoto amefumba mtego mmoja, mara moja, saa mkononi, akahesabu sekunde zake, akaandika kwenye daftari, basi. Na hakuna kukamata wadudu na kuwatesa ili watu watazame. Mmea ulio nje hujikamatia wenyewe sisimizi, buibui na nzi wa kutosha. Anayeufuga ndani anaweza kuupa mdudu mmoja kila baada ya wiki mbili, asiyezidi theluthi ya ukubwa wa mtego. Nyama ya kusaga, jibini na mkate havifai. Vinaoza na kuoza pamoja na mtego. Mtego mmoja mmoja ukigeuka mweusi baada ya kula, msishtuke. Ukateni kwa mkasi.

Hayo yote tuliyafanya, na mwaka wa kwanza mtega-nzi ulistawi hata mpwa wetu akiona picha alikuwa akituma maneno ya kusifu. Lakini kufikia mwisho wa 2023 majani mapya yakaanza kutoka madogo kuliko yaliyotangulia. Mitego ikapungua. Ile midogo iliyotoka haikuwa na nguvu ya kufumba sawasawa. Maji yalikuwa ya mvua, jua lilikuwepo, udongo ulikuwa ule ule. Binti yetu akawa anatukwepa tukimuuliza habari za mmea, na siku moja akamwomba kaka yake asimwonyeshe mpwa wetu picha mpya.

Sababu yake iko kwenye ramani. Wilmington iko nyuzi 34 kaskazini ya ikweta. Huko wakati wa baridi mchana hupungua hadi saa 10 hivi, usiku unaganda, na mtega-nzi huacha kukua kabisa kwa miezi mitatu au minne. Majani mengi hufa, na uhai wote unarudi kwenye tunguu dogo chini ya udongo. Majira ya kuchipua yakija, unaamka ukiwa na nguvu mpya. Kigali tuko chini kidogo ya ikweta. Tofauti ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa kwetu haifiki hata robo saa. Usiku wetu una ubaridi wa nyuzi 15 au 16 za Selsiasi, mzuri kwa shuka nzito, lakini si wa kumwambia mmea huu kwamba sasa lala. Ulikuwa umekesha mwaka mzima na zaidi, ukila akiba yake. Uko unaovumilia hivyo mwaka mmoja au miwili, kisha unaisha taratibu.

Dawa ni moja: kuutafutia baridi. Na katika nyumba yetu baridi ya nyuzi 2 hadi 5 iko mahali pamoja tu.

Tulipanga Juni 2024, kwa hesabu ambayo bado tunaiona ni nzuri kwa yeyote anayekaa sehemu zetu hizi. Kuanzia Juni hadi Agosti ni kiangazi. Maji ya mvua ndoono yanakwisha, hewa ni kavu na vumbi ni jingi. Kama lazima mmea ulale miezi mitatu, basi ulale wakati ambao ukiwa macho ungetaabika. Tatizo ni kwamba Juni hiyo ndiyo ilikuwa na Idd el-Adha, na friji yetu katika siku zile haina pa kuweka hata limau. Tulipoitaja habari hii mbele ya Bibi yao, aliweka kikombe chini. "Friji hii ni ya watu," akasema, "si ya miti. Nyama ya masikini iharibike kwa sababu ya nyasi za Ulaya?" Tukamwambia si za Ulaya, ni za Marekani. Hilo halikusaidia.

Tuseme kweli, Bibi alikuwa na hoja. Nyama ile ina haki za watu ndani yake. Binti yetu hakubishana naye. Alimwendea baadaye peke yake na kumwambia tu kwamba mmea ni amana ya mpwa, na kwamba unakufa. Bibi akauliza utachukua nafasi kiasi gani. Akaonyeshwa kiboksi cha plastiki kisichozidi kiganja. Akasema subirini nyama igawiwe yote, na kisha kiwe chini kabisa, kwenye droo ya mboga, na kiandikwe.

Basi wiki iliyofuata tuliung'oa. Tukaosha tunguu na mizizi kwa maji ya mvua, tukakata majani yaliyokufa na mitego yote, tukaunyunyizia unga kidogo wa salfa dhidi ya ukungu, tukaufunga kwa sfagnamu iliyolowekwa na kukamuliwa vizuri. Vitabu vingi vinasema utiwe kwenye mfuko wa plastiki. Hapa Rwanda mifuko hiyo ilipigwa marufuku tangu 2008, na boksi lenye kifuniko linafanya kazi ile ile. Kilichobaki mkononi kilifanana kabisa na kitunguu kidogo cheupe cha majani. Bibi ndiye aliyeliona hilo kwanza, na juu ya boksi akaamuru yaandikwe maneno mawili kwa wino mweusi: SI KITUNGUU.

Kila Ijumaa mtu mmoja alifungua na kutazama kama kuna ukungu. Ukionekana, sehemu iliyoharibika hukatwa na sfagnamu hubadilishwa. Umeme ukikatika kwa saa chache hakuna hofu, mradi mlango wa friji haufunguliwi ovyo. Kitu kimoja tu cha kukumbuka: si kwenye sehemu ya kugandisha barafu. Katikati ya Agosti, Bibi aliripoti doa jeupe. Binti yetu alitetemeka mikono akifungua. Ilikuwa ncha ya chipukizi.

Tuliutoa katikati ya Septemba, mvua zilipoanza, tukaupanda kwenye udongo mpya na kuuweka kivulini kwa wiki moja kabla ya kuurudisha juani polepole. Kwa wiki tatu haukuonyesha kitu. Kisha majani yakatoka kwa mfululizo, na kufikia Desemba mitego ilikuwa mikubwa kuliko ile aliyokuja nayo mpwa wetu, na ndani yake nyekundu kama tuionavyo leo. Tena tunguu lilikuwa limejigawa vichwa vitatu. Tuliporudia usingizi mwaka 2025 tulivitenganisha, kila kimoja kikapata kopo lake.

Baada ya kuamka mmea hupenda kutoa maua. Shina hupanda juu sana, mbali na mitego, na wadudu wanaochavusha maua hawanaswi kwa wingi chini. Maua ni meupe, mazuri, lakini yanaunyonya mmea mdogo nguvu nyingi. Watoto walitaka kuyaona. Tukapiga kura, na shina la mmea mmoja likaachwa lichanue, mawili yakakatwa yalipofika urefu wa sentimita 5. Yale mashina yaliyokatwa tuliyachomeka kwenye piti yenye unyevu, na moja limetoa kichipukizi pembeni.

Mpwa wetu anatarajia kumaliza masomo mwaka ujao, na inshaallah atatutembelea Julai. Tumemweleza mapema kwamba asitegemee kuona mitego mekundu, kwa kuwa mwezi huo amana yake itakuwa kwenye droo ya mboga, imenyolewa, imefungwa, chini ya kabichi. Bibi anasema atamwonyesha yeye mwenyewe, mradi anawe mikono kwanza.